Mtamba, buni na kitita cha miraa

Mawaridi ya Timau hukuzwa si mbali na mji wa Isiolo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na jijini Nairobi kampuni humpelekea mteja wake shada ili biashara iendelee. Lakini Isiolo ilikuwa na zawadi zake za kufungua biashara miaka mingi kabla ya mashamba hayo kupandwa. Iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa na kwato.

Msamburu aliyempa mwenzake ng'ombe alikuwa amefunga naye uhusiano wa maisha. Tangu siku hiyo wawili hao waliitana kwa mnyama waliyepeana, si kwa majina yao tena. Na kama zawadi ilikuwa mtamba, alizaa, watoto wake wakazaa, na wajibu ukakua pamoja na uzao. Waturkana walifanya jambo la namna hiyo hiyo. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, katika kitabu chake cha 1955, alieleza jinsi mwenye boma alivyojenga urafiki wa mifugo na watu walioishi mbali naye. Ukame ukimaliza zizi lake, au wavamizi wakilifagia, alijua milango ya kubisha.

Hapa ndipo zawadi ya mfugaji inapolipita shada: huyo mtamba alikuwa akiba, dhamana na ushahidi kwa wakati mmoja.

Mji wenyewe ulihitaji sana dhamana ya aina hiyo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa makazi Isiolo Wasomali wa koo za Isaaq na Harti, wengi wao askari waliokwisha kutumikia jeshi la Uingereza. Wakageukia biashara ya mifugo na maduka. Katika miaka ya 1930 Waborana walihamishwa kutoka Wajir hadi bonde la Ewaso Nyiro, na Waturkana walikuja kutafuta vibarua. Isiolo ikawa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa ambalo mtu hakuingia bila kibali, huku karantini ikizuia mifugo ya wafugaji isikaribie ranchi za walowezi. Sokoni walikutana watu ambao ndugu zao huenda walikuwa wakipigania kisima wiki hiyo hiyo. Ng'ombe aliondoka kwa mkopo, fedha zikafuata baadaye. Mkopo wa namna hiyo hauwezekani kati ya watu wasiojuana, na kujuana kulianza kwa kupeana.

Si lazima kitu kiwe kikubwa. Kwa Waborana, buni husema mengi. Punje zikiwa bado na maganda yake hukaangwa kwa samli, chakula cha heshima kiitwacho buna qalaa, na dua husomwa wakati wa kukitoa. Anayekwenda kuposa hubeba buni na tumbaku, na wazee hawaketi kuzungumza mikono mitupu.

Upande wa milima ya Nyambene, Wameru wa Igembe na Tigania wana ncoolo, kitita cha miraa bora kilichofungwa kwa jani la mgomba. Hupelekwa kwa wazazi wa msichana. Wakikipokea, mazungumzo yamefunguliwa. Miraa hiyo hiyo, ikishuka Isiolo kwa wateja Wasomali, iliuzwa kwa kuaminiana sana. Nguvu yake hupungua baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo hakuna nafasi ya kubishana juu ya malipo kabla mzigo haujaondoka. Mkulima humwamini wakala, wakala humwamini muuzaji. Katika miaka ya 1940 wakoloni walijaribu kuibana biashara hii kwa sheria, na vitita vikaendelea kupita.

Kilichovunja mfumo wa zawadi kilikuwa vita. Kati ya 1963 na 1967, wakati wa vita vya shifta, uasi wa kutaka kujitenga kaskazini mwa Kenya, serikali iliwakusanya Waborana kwenye kambi kama Garba Tulla, na mifugo ikafa au ikauawa kwa wingi. Mtu asiye na ng'ombe hana wa kumpa rafiki. Hasara hiyo inastahili kukumbukwa pamoja na hesabu ya waliouawa, kwa sababu pamoja na mifugo zilipotea ahadi za vizazi. Familia nyingi zilihamia mjini, na wanawake wakashika biashara ndogondogo, miraa na maziwa zikiwemo.

Baadhi ya wanawake wa Isiolo leo wamejiunga katika ushirika wa Anolei. Hukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji na kuyapakia kwenye basi hadi Eastleigh, Nairobi. Maziwa ambayo zamani mgeni alikaribishwa kwayo bila malipo sasa yana bei, lakini husafiri bila mwenyewe na kupokelewa na mwanamke mwingine mwisho wa safari, ambaye huyauza kwanza ndipo fedha zirudi Isiolo.