Kalikiti ya nyumbani

Niko likizo Galula. Mdogo wangu anataka kujiweka kalikiti mwenyewe, eti saluni ghali. Nikampa historia kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Mjerumani Karl Nessler kule London alisokota nywele kwenye vyuma kuanzia shinani, halafu akavichoma moto! Aliyejaribiwa ni mkewe Katharina. Mara mbili za kwanza nywele ziliungua zote (maskini mama wa watu!). Mwaka 1938 Mmarekani Arnold Willatt akaleta dawa isiyotaka moto: inalegeza unywele, unashika umbo la rola.

Tatizo, mdogo wangu ana rilaksa tayari. Dawa hizo mbili hazipatani, nywele zinakatika hivihivi. Nimemwambia asubiri ziote mpya. Kanuna, rola kaficha uvunguni.