Kniphofia thomsonii

Kniphofia thomsonii ni mmea wa asili wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, katika familia ya Asphodelaceae, yenye mishubiri pia. Ulielezwa kisayansi na J. G. Baker mwaka 1885. Jina la spishi linamkumbuka Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti aliyepita Kenya mwaka 1883–84.

Maumbile. Majani ni marefu na membamba, yakichipuka kutoka shina la chini ya ardhi. Bua moja hubeba kishada cha maua ya mrija, ya rangi ya chungwa hadi nyekundu, yanayoinamia chini. Nekta yake huwavuta ndege aina ya chozi.

Makazi. Huota katika nyasi za milimani, kuanzia mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari hadi karibu na mita 4,000. Hupenda jua na udongo usiokauka: kingo za vijito, chemchemi na mabonde yenye majimaji. Nchini Kenya hupatikana Cherangani, Elgon, Aberdare na Mlima Kenya. Shina la chini ya ardhi huusaidia kuchipua tena baada ya moto wa nyasi.

Kiplombe na jirani. Kiplombe, kando ya Eldoret, iko kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, karibu na mpaka wa chini wa makazi hayo. Nyasi asilia za uwanda wa Uasin Gishu zimepungua kutokana na mashamba ya ngano na mahindi, malisho na makazi ya watu. Kukausha mabonde yenye maji huondoa unyevu ambao mmea huu hutegemea.