Mtemi Yupi wa Utemini?

Jina lenyewe ndilo lililonitia shaka. Utemini, kata ya Manispaa ya Singida, ukilisikia tu unaona kiti cha mtemi. Lakini Warimi, tunaowaita Wanyaturu, hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwatawala wote kabla ya Wajerumani. Mashauri yao yaliamuliwa na wazee wa koo. Sasa huyu mtemi alitoka wapi?

Nilimwamkia mzee mmoja muuza vitunguu, nikamuuliza. "Mjukuu wangu, hapa ni pa Wanyaturu tangu enzi." Mteja wake, Mnyiramba, akacheka: "Tangu enzi ipi, babu?"

Nikaenda kutazama ramani za makabila. Kila kabila na kipande chake: Wanyaturu katikati, Wanyiramba na Wanyisanzu kaskazini, Wagogo upande wa Manyoni. Nadhifu mno! Wataturu na ng'ombe wao hawatulii ndani ya mstari, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi wanasema lugha ambayo haijapata ndugu. Mchoraji aliwauliza wangapi kabla ya kushika kalamu?

Nilipoteza siku nzima kwa majina mawili, Wataturu na Wanyaturu, nikidhani ni tawi na shina. Wapi! Kirimi ni Kibantu, Kitaturu ni cha Kiniloti. Wengi husimulia kwamba watu hawa ni maadui wa tangu na tangu, na kweli ng'ombe waliibwa na damu ikamwagika. Ila wafugaji hao hao walikuja kwa wakulima kutafuta nafaka. Mbona simulizi hukumbuka mkuki na kusahau kibaba?

Kisha wakaja Waingereza, na sheria yao ya 1926 ikawapa watawala wa kienyeji mamlaka rasmi. Nashuku hapo ndipo ugomvi wa malisho, uliokuwa wa fulani na jirani yake, ulipoanza kuandikwa kama kesi ya kabila na kabila. Siwezi kuapa, karatasi huhifadhi alichoona mwandishi wake. Utemi ukafutwa 1963, na sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kumuuliza mtu kabila lake. Aliyezaliwa baadaye yumo katika hesabu ipi?

Nikamrudia mzee na swali langu la kwanza. Alinitazama, akatikisa kopo lake. "Watemi waliondoka. Vitunguu vipo. Unachukua debe au gunia?"