Sehemu ya 6: Farasi wa Orlov na mama asiyetajwa jina

Leo twende Urusi, halafu tutarudi wodini.

Wodi ya wazazi kuna maneno nayasikia kila wiki. Mtoto hajamaliza hata siku moja, ndugu washaanza kumkagua: "Mbona mweusi hivi? Hayo masikio ya nani?" Na wewe umelala pale, mshono unauma, unasikiliza tu.

Sasa sikia. Miaka ya 1770 kabaila mmoja wa Urusi, Alexei Orlov, alitaka farasi mzuri wa kuvuta gari: mwenye nguvu, anayevumilia baridi na safari ndefu, anayekwenda mchakamchaka bila kuchoka. Akanunua dume la Kiarabu kwa rubo 60,000, pesa nyingi mno. Lilikuwa na rangi ya kung'aa, likaitwa Smetanka, kutokana na jina la mtindi mzito wa Kirusi. Kufika tu, halikuishi sana. Likaacha watoto wachache.

Mmoja wao, Polkan, alizaliwa na jike la Denmark. Polkan naye akapandishwa kwa jike la Uholanzi, na mwaka 1784 akazaliwa Bars wa Kwanza, kwenye shamba la Khrenovoe, mkoa wa Voronezh. Huyo ndiye aliyeanzisha ukoo wa farasi wa Orlov, waliopo hadi leo.

Uzuri na wepesi vilitoka kwa Mwarabu. Lakini umbo kubwa na ule mchakamchaka? Hapo majike yalichangia sana, hasa lile la Uholanzi. Ila historia imeshika majina ya madume. Majike yanatajwa kwa nchi yalikotoka tu.

Na wengi wa farasi hawa ni wa kijivu. Wanazaliwa weusi au kahawia, wanakuwa weupe kidogo kidogo kwa miaka. Ukimhukumu siku ya kwanza, umekosea.

Binadamu si farasi, najua. Lakini hata kwetu rangi ya mtoto mchanga hubadilika wiki na miezi ya mwanzo. Na urithi wake, nusu ni wako, nusu ni wa baba yake. Sura ya bibi inaweza kuruka kizazi ikatokea kwa mjukuu.

Kwa hiyo baba, mawifi, mama mkwe: mkija wodini, leteni uji wa moto. Ukaguzi wa masikio acheni. Na wewe mama, mnyonyeshe mwanao kwa amani.