Breki za gari la nyumbani uwanjani: Jinsi ya kuchagua padi zinazofaa

NAHODHA wa Faza hatweki tanga pasipo kujua atalituaje. Busara hiyo ya baharini ndiyo anayoihitaji mkazi wa kisiwa cha Pate, au mwenyeji mwingine yeyote wa pwani, anayekusudia kulichukua gari lake la kila siku na kuliingiza uwanjani kwa siku moja ya mbio. Wengi wenye hamu hiyo huanza kwa kuifikiria injini. Wachache huanza kwa kuzifikiria breki, ilhali ndizo zinazoamua iwapo dereva na gari lake watarejea nyumbani salama.

Faza yenyewe si mji wa magari. Watu na mizigo husafiri kwa mashua, kwa punda na kwa pikipiki, na mwenye gari aghalabu hulazimika kuliacha bara, mathalani Mokowe, akalifuata kwa chombo anapotaka kusafiri. Hata hivyo, wana wa visiwa hivyo wamesambaa Mombasa, Nairobi na nchi za Ghuba, na si ajabu kumkuta miongoni mwao kijana aliyenunua gari lenye nguvu na anayetamani kulijaribu mahali palipo halali.

Mahali hapo pa halali ni muhimu. Barabara ya umma si uwanja wa mashindano, wala lami mpya ya Lamu, Witu na Garsen haikuwekwa kwa ajili ya kupimana kasi. Nchini Kenya, michezo ya magari husimamiwa na Shirikisho la Michezo ya Magari, KMSF, na miongoni mwa viwanja vinavyojulikana ni Whistling Morans, karibu na Athi River. Walioko Ghuba wana viwanja vya lami kama Dubai Autodrome, uliofunguliwa mwaka 2004, na Yas Marina wa Abu Dhabi, uliofunguliwa mwaka 2009, ambavyo huwa na siku maalumu za madereva wa kawaida kuingia na magari yao.

Si jambo geni Afrika Mashariki gari la kawaida kushindana. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliandaliwa kwa magari ya namna ile iliyouzwa madukani. Joginder Singh alipoibuka mshindi mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant, gari lao lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika, nalo lilikuwa na breki za dramu. Dereva wa zama hizo alijua kwamba breki huchoka, akaziendesha kwa kuzihurumia. Dereva wa leo, aliyezoea diski na mfumo wa ABS, ni mwepesi wa kusahau.

Joto ndilo adui

Breki haimezi mwendo ukapotea. Huugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lazima lipate pa kwenda. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 likienda kilomita 50 kwa saa hubeba nishati ya takriban kilojuli 116. Likifikia kilomita 100 kwa saa, nishati hiyo haizidi mara mbili tu bali mara nne, yaani takriban kilojuli 463. Hiyo ndiyo sababu kasi inayoonekana kuongezeka kidogo huzitesa breki kupita kiasi.

Uwanjani hali huwa ngumu zaidi. Gari hilo hilo likipunguza kasi kutoka kilomita 120 hadi 60 kwa saa kabla ya kona, breki zake hupokea kilojuli zipatazo 500. Breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Zikibeba asilimia 70, na kila diski ya mbele iwe na uzito wa kilo 6, basi kona moja tu hutosha kuziongezea diski hizo joto la nyuzi zaidi ya 60 za Selsiasi. Upepo hulipunguza joto hilo gari linapokimbia, lakini kona inayofuata huja kabla diski hazijapoa. Baada ya mizunguko michache, joto la nyuzi mia kadhaa ni jambo la kawaida.

Padi inapopita kiwango cha joto ilichotengenezewa, gundi inayoshikanisha viungo vyake huanza kuungua na kutoa gesi, na msuguano hupungua. Dereva hukanyaga pedali, pedali ni ngumu kama kawaida, lakini gari halipungui mwendo. Kasoro ya pili ni tofauti: mafuta ya breki huchemka, mapovu huingia katika mirija, na pedali huzama hadi sakafuni. Ni vyema kutofautisha mambo haya mawili, kwani dawa ya la kwanza ni padi bora, na dawa ya la pili ni mafuta bora.

Aina za padi

Padi za kawaida zinazokuja na magari mengi ya familia hutengenezwa kwa nyuzi na utomvu, pengine na chembe chache za madini. Hazipigi kelele, hazili diski, na hushika vizuri zikiwa baridi. Udhaifu wake ni joto. Nyingi huanza kupoteza nguvu zinapokaribia nyuzi 300 au zaidi kidogo, kiwango ambacho gari la uwanjani hukifikia upesi.

Padi za kauri zinazouzwa kwa matumizi ya barabarani husifiwa kwa utulivu na kwa kutochafua magurudumu kwa vumbi. Sifa hizo ni njema kwa mwenda kazini, lakini jina la kauri peke yake si hakikisho la kustahimili mbio.

Padi zenye chuma kingi hustahimili joto zaidi na hulipitisha upesi. Miongoni mwake zimo zile zinazotengenezwa mahsusi kwa matumizi mawili, barabarani na uwanjani, ambazo kwa kawaida hufanya kazi hadi nyuzi 500 au zaidi kwa kadiri ya kiwanda. Gharama yake ni kelele, vumbi jeusi, na diski kulika mapema.

Padi halisi za mashindano huvuka viwango hivyo kwa mbali. Lakini baadhi yake hazishiki sawasawa mpaka zipate moto kwanza. Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Dereva anayezifunga padi hizo na kurudi nazo nyumbani jioni, zikiwa zimepoa, anaweza kumkuta mtoto akivuka barabara na kukuta pia kwamba breki iliyomtumikia vyema uwanjani haimtumikii tena. Gari litakaloendeshwa barabarani kwenda uwanjani na kurudi linastahili padi zinazoshika tangu zikiwa baridi. Atakaye zile za mashindano hana budi kuzifunga akifika uwanjani na kuzifungua kabla ya kuondoka, ama kulisafirisha gari juu ya lori.

Kadhalika, aina ya uwanja huamua mengi. Mashindano ya autokrosi hapa nchini hufanyika zaidi juu ya udongo, ambako magurudumu huteleza mapema na breki hazipati moto kama kwenye lami. Huko, adui mkubwa ni vumbi na mchanga. Kwenye lami, magurudumu hushika, breki hukandamizwa kwa nguvu zaidi, na joto hupanda maradufu. Padi zilizotosha Athi River kwenye udongo huenda zisitoshe Dubai kwenye lami.

Kuzisoma herufi

Padi nyingi huwa zimepigwa chapa ya herufi mbili ubavuni au mgongoni, kama vile EE, FE, FF au GG. Herufi ya kwanza huonyesha kiwango cha msuguano katika joto la kawaida, na ya pili katika joto kubwa. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Padi yenye FE, kwa hiyo, hupungua nguvu inapopata moto, ilhali ya FF hubaki katika kiwango kile kile.

Herufi hizo ni mwongozo wala si hukumu. Hutokana na kipande kidogo kilichopimwa maabara, na joto la kipimo hicho halifikii lile la uwanjani. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anapaswa pia kuuliza kiwango cha joto kilichotajwa na mtengenezaji. Padi zilizoidhinishwa kwa soko la Ulaya huwa na alama ya R90, ishara kwamba utendaji wake barabarani haukengeuki mno kutoka kwa padi za asili za gari.

Kosa jingine ni kubadilisha padi za mbele au za nyuma bila kupima mizani. Padi kali zikifungwa nyuma peke yake, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama kwanza na gari likazunguka. Ni salama zaidi kuziongezea nguvu breki za mbele kwanza, au kubadilisha zote kwa seti iliyopendekezwa na mtengenezaji mmoja.

Mafuta ya breki na chumvi ya bahari

Padi bora kwenye mafuta mabovu ni kazi bure. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, ya DOT 4 chini ya nyuzi 230, na ya DOT 5.1 chini ya nyuzi 260. Lakini mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa kadiri siku zinavyopita. Yakishaingia maji, viwango hivyo vya chini huteremka hadi nyuzi 140, 155 na 180. Katika hewa ya pwani, mwenye gari hapaswi kuyategemea mafuta ya miaka mitatu iliyopita. Ayabadilishe kabla ya siku ya mbio, kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyo hiyo. DOT 5, isiyo na nukta moja, ni mafuta ya silikoni na hayachanganywi na hayo mengine.

Kwa watu wa Lamu kuna jambo la ziada. Gari lililoegeshwa wiki kadhaa karibu na bahari hushika kutu. Kutu nyepesi juu ya diski huondoka kwa kukanyaga breki taratibu mara chache. Kutu inayostahili kuogopwa ni ile inayokwamisha pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Pini zikikwama, padi ya upande mmoja hulika na ya pili hubaki nzima, gari huvuta upande mmoja, na diski hupata moto hata dereva asipokanyaga. Safari ya kutoka Mokowe hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na si vyema kuianza kabla fundi hajazifungua kalipa, akazisafisha pini na kuzipaka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huyeyuka kwa joto na inaweza kuharibu mipira.

Kuzizoesha padi mpya

Padi mpya hazipelekwi mbioni siku ile ile bila maandalizi. Uso wake unapaswa kulingana na uso wa diski, na tabaka jembamba la padi kukaa juu ya diski kwa usawa. Maelekezo ya kiwanda ndiyo ya kufuatwa, lakini kwa kawaida dereva hupunguza mwendo mara kadhaa kwa nguvu ya wastani bila kulisimamisha gari kabisa, kisha huliendesha polepole mpaka breki zipoe. Kazi hii hufanywa pasipo na magari mengine, na uwanjani ndiko bora.

Unene nao una maana. Padi iliyobakiza milimita 3 inakaribia kutupwa hata kwa matumizi ya mjini. Kwa siku ya mbio, padi iliyopungua zaidi ya nusu haifai, kwani hulika upesi na hupitisha joto jingi kwenye mafuta. Dereva mwangalifu huchukua seti ya akiba.

Baada ya mizunguko michache ya kasi, mzunguko wa mwisho uwe wa kupoza, breki zikitumiwa kwa uchache. Gari likisimama, mguu uondoke kwenye pedali na breki ya mkono isivutwe. Padi yenye moto ikibanwa mahali pamoja huacha doa juu ya diski, na doa hilo ndilo baadaye huitetemesha pedali. Gari lizuiwe kwa gia au kwa kigingi chini ya gurudumu.

Ununuzi

Soko la spea, iwe ni Kirinyaga Road jijini Nairobi au maduka ya Mombasa, lina bidhaa halisi na bidhaa za kughushi zikikaa rafu moja. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu mwaka 2008, lakini jicho la mnunuzi hubaki kinga ya kwanza. Padi isiyo na namba ya kundi la utengenezaji, isiyo na herufi za msuguano, yenye maandishi yanayofutika kwa kidole, au yenye ufa baina ya padi na bamba lake la chuma, irudishwe. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine nayo ni onyo.

Siku ya mbio ikiisha, kazi haijaisha. Kabla ya kushika njia, dereva aangalie unene wa padi, nyufa za diski na kiasi cha mafuta, kisha aikanyage pedali gari likiwa limesimama. Ikizama, au ikiwa laini kama sifongo, gari lisiondoke. Mashindano mengine yatakuja. Walioachwa nyumbani, iwe Mombasa au ng'ambo ya maji kule Faza, hawangojei kusikia alizunguka kwa dakika ngapi. Wanamngojea yeye mwenyewe.