"Makmende Amerudi": Albamu ya Pili ya Just a Band na Jinsi Ilivyopokewa

Utangulizi

Katika mtihani mmoja wa sarufi tuliwataka wanafunzi wetu hapa Gisenyi watoe mfano wa kitenzi cha ukanushi, kisha wakitenganishe mofimu moja moja. Wengi waliandika usiniache, usinipige, na kadhalika. Mmoja aliandika usinibore. Tulimkata alama zote bila kusita. Alipokuja ofisini kuuliza kosa lake tulimweleza kwamba hilo si Kiswahili. Alijibu kwa adabu, "Mwalimu, lakini ni jina la wimbo."

Alisema kweli. Ni wimbo wa bendi ya Kenya iitwayo Just a Band, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Bendi Tu". Swali la mwanafunzi huyo lilitusukuma kuifuatilia albamu ulimotoka wimbo huo. Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia ya albamu hiyo na namna ilivyopokewa, kwa kuwa tunaamini inatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko tulivyodhani.

Bendi na albamu zake

Just a Band ilianza mwaka 2003, na wanachama wake waliojulikana zaidi ni Bill Sellanga (Blinky Bill), Dan Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Walikuwa vijana waliopenda picha na filamu sawasawa na muziki. Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008. Ya pili, iliyopewa jina la tarakimu mbili tu, 82, ilitoka mwaka 2009.

Ili kuelewa ugeni wa albamu hiyo, ni vyema tukumbuke vijana wa Nairobi walikuwa wakisikiliza nini wakati ule. Redio zilitawaliwa na genge na kapuka, nyimbo za injili, na Bongo Fleva kutoka Tanzania. Just a Band walikuja na midundo ya hausi, fanki na disko, iliyojengwa kwa vyombo vya kielektroniki.

Mtaalamu wa Kijerumani Hans Robert Jauss alifundisha mwaka 1967 kwamba kila kazi ya sanaa hukutana na upeo wa matarajio ya wapokeaji wake. Kazi inayouvuka upeo huo huwa na shida ya kupata mahali pa kuwekwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa 82. Aliyesubiri gitaa la benga hakulisikia, na aliyesubiri mashairi ya genge hakuyapata.

Shujaa aliyeishinda albamu

Tarehe 17 Machi 2010 bendi ilitoa video ya wimbo "Ha-He" kutoka albamu hiyo. Video iliigizwa kwa mtindo wa filamu za mapigano za miaka ya 1970. Ndani yake alikuwamo shujaa mwenye nywele nyingi na kitambaa kichwani, akiwatwanga wahalifu mtaani. Jina lake ni Makmende.

Katika siku chache Wakenya walijaza mtandao kwa vichekesho juu ya Makmende: hakuna asiloliweza, hakuna anayemwogopa. Kabla ya mwezi kwisha, gazeti la Wall Street Journal la Marekani lilikuwa limeandika habari hiyo, na kituo cha CNN nacho kikaitangaza. Ilielezwa kuwa video ya kwanza ya Kenya kuenea kwa kasi namna hiyo mtandaoni.

Wakati nao ulisaidia. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, na intaneti ikaanza kuwa ya kasi zaidi. Aidha, nchi ilikuwa imetoka katika machafuko ya uchaguzi ya mwaka 2007 na 2008. Kwa maoni yetu, shujaa ambaye jina lake halikutaja kabila lolote lilikuwa jambo ambalo kila mtu angeweza kulicheka bila kumuudhi jirani.

Hata hivyo, tukizisoma habari za wakati ule tunaona kasoro moja. Waandishi waliandika mengi kuhusu mtandao na machache kuhusu muziki. Makmende alivuma, lakini 82 kama albamu nzima ilibaki nyuma yake. Bendi ilitoa albamu ya tatu, Sorry for the Delay, mwaka 2012, kisha wanachama wakashika njia mbalimbali. Filamu ya Mbithi Masya, Kati Kati, ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa huko Toronto mwaka 2016, na Blinky Bill alitoa albamu yake binafsi mwaka 2018.

Lugha ya albamu

Jina Makmende halikubuniwa na bendi. Watoto wa Nairobi walilitumia katika miaka ya 1990 kumkejeli mwenzao anayejiona jasiri. Inasimuliwa kwamba asili yake ni maneno ya Kiingereza ya mwigizaji Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983, Sudden Impact, ambamo anamwalika adui ampe sababu ya kufyatua risasi. Watoto waliyasikia maneno matatu kama neno moja. Utohozi wa kawaida ungetupa Makimende, lakini Sheng iliziacha konsonanti k na m zikae pamoja. Kisha jina hilo likawekewa kitenzi cha Kiswahili safi, amerudi, chenye kiambishi -me- cha hali timilifu. Dunia nzima ilijifunza sentensi hiyo fupi bila mwalimu.

Na usinibore? Tuitazame: u- ya nafsi ya pili, -si- ya ukanushi, -ni- ya mtendwa, kisha mzizi wa Kiingereza wenye maana ya kuchosha. Katika maandishi, irabu e inayomalizia neno la Kiingereza imeangukia mahali pale pale ambapo sarufi yetu inadai e, kama katika usinichoshe. Mzizi ni wa kigeni, lakini viambishi vyote vimekaa kwa mpangilio uleule tunaoufundisha darasani.

Hitimisho

Sisi wa Gisenyi tunaishi kwenye lugha zilizochanganyika. Hatua chache kutoka mjini ni Goma, na Kiswahili cha huko huvuka mpaka kila asubuhi pamoja na wafanyabiashara. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, nasi tukafurahi. Lakini sheria huipa lugha nafasi tu. Watu wa kuipenda inabidi wapatikane kwingine, mara nyingi katika nyimbo na mizaha. Mwanafunzi anayekumbuka kiambishi cha ukanushi kwa sababu ya wimbo amekwisha kuipenda lugha. Tukimfukuza hapo, tutampata wapi tena?

Hatusemi kila neno la mtaani liingie kwenye kamusi. Tunasema kwamba mwalimu achunguze kabla ya kukata. Kwa upande wetu, tuliifungua upya karatasi ile. Swali lilihusu mofimu, na mofimu zilitenganishwa sawasawa, kwa hiyo tulimrudishia alama zake zote. Pembeni tukamwandikia: "Katika barua rasmi andika usinichoshe. Uchambuzi wako ni sahihi."