Picha za vita ukutani: Namna ya kuzichagua, kuzitunza na kuzitundika

Si ajabu kukuta sebuleni mwa nyumba ya Nakuru, Njoro au Gilgil picha iliyofifia ya kijana aliyevaa sare ya jeshi la kikoloni. Aghalabu huyo ni babu wa familia, aliyekuwa askari wa King's African Rifles, kikosi ambacho wazee walikiita Keya. Picha kama hiyo ni pambo la nyumba na pia ushahidi wa historia, na huharibika upesi isipotunzwa.

Bonde la Ufa lina kumbukumbu nyingi za vita. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wakenya wapatao 98,000 walihudumu katika jeshi la Uingereza. Wengine walishiriki kampeni dhidi ya Waitaliano iliyoufikia mji wa Addis Ababa mnamo Aprili 1941. Wengine walipelekwa Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Mateka wa Kiitaliano nao waliletwa Kenya kufanya kazi za ujenzi, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 kando ya barabara ya Mai Mahiu lingali limesimama. Gilgil kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola.

Kisha vikafuata vita vya Mau Mau. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakawafungua mahabusu na kutwaa silaha.

Mapambo ya kawaida huchaguliwa kwa kuangalia rangi na umbo. Picha ya vita huongeza swali lingine: ni nani aliyeipiga, na kwa madhumuni gani? Nyingi zilipigwa na wapiga picha wa serikali au wa jeshi. Picha inayojulikana ya Dedan Kimathi akiwa amelala na pingu mikononi, baada ya kukamatwa Oktoba 21, 1956, ilienezwa na watawala kuonyesha kwamba uasi umezimwa. Anayeitundika leo akimchukulia Kimathi kuwa shujaa hana budi kueleza chini yake chanzo cha picha hiyo, la sivyo wanawe watarithi mtazamo wa mkoloni.

Ipo pia haja ya kumjali mgeni. Katika vita vya Mau Mau, familia nyingine ziligawanyika kati ya wapiganaji na walinzi wa serikali. Aidha, Nakuru na Naivasha zilishuhudia umwagaji damu Januari 2008. Picha za maiti na nyumba zinazoteketea ni ushahidi unaostahili kuhifadhiwa, lakini mahali pake si juu ya meza ya chakula, kwani anayeandaliwa chai huenda ndiye aliyefiwa.

Asiye na picha ya familia anaweza kutafuta nakala katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, au katika mkusanyiko wa Imperial War Museum jijini London, ambao sehemu yake inaonekana kwenye intaneti. Inafaa kuuliza masharti ya matumizi kabla ya kuchapisha.

Kanuni ya kwanza ya utunzaji ni kwamba picha ya awali haitundikwi. Huchukuliwa nakala kwa mashine ya skana, angalau nukta 600 kwa kila inchi, kisha nakala ndiyo huwekwa kwenye fremu. Ya awali huhifadhiwa ndani ya bahasha isiyo na asidi, mahali pakavu penye giza. Gundi na seloteipu zisitumike kamwe, maana huacha madoa yasiyoondoka.

Fundi wa fremu aagizwe kuweka ukingo wa kadibodi kati ya picha na kioo. Picha inayogusa kioo hunasa unyevu, ikagandamana nacho na kuchanika inapobanduliwa. Sehemu ya nyuma izibwe vizuri, hasa katika maeneo yenye vumbi jingi wakati wa kiangazi.

Ukuta unaopigwa na jua la mchana haufai, kwa kuwa mwanga hufifisha picha. Vivyo hivyo ukuta ulio juu ya jiko au mahali pa kuotea moto, ambao katika baridi ya Molo ndio huvutia wengi. Kitovu cha picha kikiwa takriban sentimita 150 kutoka sakafuni, mtu aliyesimama huitazama bila kuinua shingo.

Lililo muhimu kuliko yote ni maelezo. Katika picha nyingi za jeshi, afisa Mzungu hutajwa kwa jina na cheo, ilhali Waafrika waliosimama naye huitwa askari tu. Kijana aliyejiunga na jeshi mwaka 1944 akiwa na miaka 18 alizaliwa mwaka 1926. Wachache mno wa rika lake wamesalia kuwatambua wenzao. Familia yenye mzee anayekumbuka imketishe mbele ya picha sasa, iandike majina, mahali na mwaka kwa penseli laini ukingoni mwa upande wa nyuma, kisha iyanakili kwenye kibandiko chini ya fremu. Fremu iliyovunjika hununuliwa nyingine, lakini jina lililosahauliwa halina duka.